Boksi Haliimbi: Jinsi Wanunuzi wa Bwiza Wanavyopima Spika za Magari Pasipo Mashahidi

Utangulizi

Mwaka 2019, nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mjomba wangu alinikabidhi faranga 80.000 nikamnunulie spika mbili za nyuma za teksi yake. Pesa hizo hazikuwa zake. Mama yangu alikuwa amezipata kwa zamu yake ya upatu, akamkopesha kaka yake kwa sharti la kurudishiwa kabla ya shule kufunguliwa. Mjomba alinituma mimi na si mwingine kwa sababu moja tu: "Wewe umesoma. Soma maandishi, uniletee kitu cha kweli."

Niliyasoma maandishi. Boksi lilikuwa na jina la kampuni inayojulikana dunia nzima, lilisema wati 1000, na pembeni liliandikwa kwa herufi ndogo neno Japan. Nilirudi nyumbani Bwiza nikijisifu. Baada ya wiki tatu spika ya kulia ilianza kukwaruza, na kabla ya mwezi kwisha zote mbili zilikuwa kimya. Fundi alipozifungua, chini ya kifuniko kipana cha plastiki alikuta sumaku ndogo isiyozidi kizibo cha chupa ya maji. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, boksi haliimbi." Ilimchukua miezi minne kumaliza deni la mama.

Insha hii imetokana na aibu ile, lakini swali lake ni la historia: mtu hupimaje ubora wa kitu anapokosa ushahidi wa kweli wa mtu aliyewahi kukimiliki? Nitatoa hoja tatu. Ya kwanza, swali hili si geni katika ukanda wa Ziwa Tanganyika. Wazee wetu walilijibu kwa nguo na shanga kabla ya gari la kwanza kufika hapa. Ya pili, mafundi wa Bwiza na Buyenzi wana njia yao ya kuhoji spika, na njia hiyo inafanana sana na ile tunayofundishwa darasani ya kuhoji nyaraka. Ya tatu, ukosefu wa mashahidi una historia yake pia: mashahidi walikuwapo, kisha wakatawanyika. Nimetumia maelezo ya mjomba wangu na mafundi wawili, maandiko ya wasafiri wa karne ya 19, na vitu vyenyewe.

Bwiza, mahali pa kununua na kuuza

Kwa wasiojua Bujumbura, Bwiza ni mtaa wa katikati ya jiji, jirani ya Buyenzi, wenye barabara zinazojulikana kwa namba kuliko kwa majina. Wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura na ulikuwa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi, wakazi waligawanywa: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, na Waafrika katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza. Buyenzi ilijulikana kwa Waswahili Waislamu. Bwiza ilichanganya Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, Watanzania na watu wa pwani. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 mji ukaitwa Bujumbura, lakini mchanganyiko huo haukuondoka, wala Kiswahili hakikuondoka.

Mgawanyo wa kazi nao unafahamika. Buyenzi ni ya gereji na vipuri. Bwiza ni ya baa, nyama choma, muziki na teksi zinazongoja wateja usiku. Kwa hiyo mtu wa Bwiza anayetaka spika huvuka barabara kwenda Buyenzi, na mtu wa Buyenzi anayetaka kuisikia spika nzuri ikilia huvuka kuja Bwiza. Wengi hapa hawasemi "spika", husema "bafle", neno tulilolipokea kutoka Kifaransa. Nitatumia "spika" ili wenzangu wa Tanzania na Kenya wanielewe.

Kwa dereva wa teksi spika si anasa. Abiria wa usiku huchagua gari lenye muziki. Siku ya Jumamosi, misafara ya harusi inapopita, mwenye gari lenye sauti safi ndiye anayekodiwa kwanza. Na katika mji ulioishi miaka mingi kwa kusikiliza habari kwa hofu, redio ya teksi ilikuwa gazeti la wasiokuwa na gazeti. Spika mbovu humpunguzia dereva mapato.

Kabla ya spika: merikani na shanga

Tuanze na nguo. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na mwaka 1837 ikaweka konseli Zanzibar. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Kikapanda bara na misafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Kilikuwa nguo, na pia kilikuwa fedha: watu walilipana kwa merikani.

Kitu kinachopendwa huigwa. Watengenezaji wa Uingereza walijaribu kutoa kitambaa kinachofanana na merikani, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kukata pamba na kudhoofisha biashara ya Salem, viwanda vya Bombay viliingia sokoni. Katika miaka hiyohiyo viwanda vya Lancashire vilijulikana kwa kujaza wanga na udongo mweupe katika nguo ili ionekane nzito. Ukiifua, uzito unakwenda na maji. Mnunuzi wa bara hakuwa na habari za kiwanda, wala hakumjua mtu wa Lancashire wa kumuuliza. Alikuwa na mikono yake: aliipima nguo kwa uzito, akaivuta, akaisugua. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008 kiitwacho Domesticating the World, ameonyesha kwamba uchaguzi wa wanunuzi hawa wa Afrika Mashariki ulirudi hadi viwandani, Salem na Bombay, na kuwalazimisha wenye viwanda kufuata matakwa yao. Basi wanunuzi wetu hawakuwa wajinga waliopokea lolote lililoshushwa bandarini.

Shanga zilikuwa na ugumu zaidi. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alitaabika kwa sababu kila nchi ilitaka rangi yake. Shanga nyekundu, samisami, zilipendwa mahali fulani na kukataliwa pengine. Aliyebeba mzigo usiotakiwa alibeba mawe. Stanley hakuwa na njia ila kuwauliza wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kusafiri. Huo ni ushahidi wa wenye uzoefu, na aliupata kwa sababu Zanzibar ilikuwa mahali wenye uzoefu walipokutana. Mwezi Novemba mwaka huohuo yeye na Livingstone walifika kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki. Jiwe la kumbukumbu yao liko Mugere, kusini mwa Bujumbura, na wengi wetu tumepelekwa huko na walimu wa shule ya msingi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ujiji. Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, anaeleza kwamba bei za soko zilihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliobadilishana na wanunuzi kwa shanga nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida pande zote mbili. Tunaweza kuwaita madalali. Lakini tukitazama vizuri, walikuwa pia wapimaji. Mtu ambaye kila jioni anapokea tena alichokitoa asubuhi hawezi kukubali sofi iliyopasuka. Kurudi kwake kesho ndiko kulikokuwa dhamana yake.

Kutokana na mifano hii napata mambo mawili nitakayoyatumia mbele: mnunuzi anaweza kuhoji kitu chenyewe, na anaweza kumtegemea mtu ambaye kesho atakuwa palepale. Alama iliyopigwa juu ya bidhaa, peke yake, haikutosha hata mwaka 1850.

Spika, wati na uongo unaoandikika

Spika tunayoitumia leo katika magari ni ile iliyoelezwa mwaka 1925 na wahandisi wa Marekani Chester Rice na Edward Kellogg: koili ya waya imefungwa nyuma ya koni, ikakaa ndani ya nguvu ya sumaku, umeme wa muziki unapopita, koili husogea mbele na nyuma, na koni husukuma hewa. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin huko Chicago ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola. Mwaka 1963 Philips ilileta kaseti, na gari likaweza kuimba bila kungoja stesheni. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini sumaku, koili na koni vimebaki. Ndiyo maana fundi wa Buyenzi ambaye hakusoma uhandisi anaweza kuihukumu spika yoyote: anajua inapaswa kuwa na nini ndani.

Kilichobadilika ni boksi. Tangu miaka ya 1970 wauzaji waligundua kwamba mnunuzi hawezi kusikiliza sauti kupitia boksi, lakini anaweza kusoma namba. Namba ikawa ndiyo bidhaa. Marekani ilitoa mwaka 1974 kanuni ya kuwadhibiti watangazaji wa nguvu za amplifaya, lakini kanuni hiyo ilihusu vyombo vya nyumbani. Vya magari vilibaki nje. Ni mwaka 2003 tu chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha huko kilipotoa kipimo cha hiari kwa amplifaya za magari. Kwa boksi linalouzwa Bujumbura hakuna kilichozuia mtu kuandika 1000 au 5000.

Fundi wa kwanza niliyezungumza naye alinionyesha kwa penseli kwa nini namba yangu ya 1000 haikuwezekana. Spika nyingi za magari zina ukinzani wa omu 4. Ili wati 1000 zipite hapo, zinahitajika volti zipatazo 63 na ampea karibu 16. Betri ya gari ina volti 12, na injini ikiwaka zinapanda hadi 14 na kidogo. Redio ya kawaida ya dashibodi, isiyo na amplifaya ya nje, haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 hivi kwa kila spika, hata kama usoni imeandikwa 50. "Kwa hiyo," aliniambia, "hiyo elfu moja ingetoka wapi? Kwenye boksi." Hesabu hii inahitaji kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeo cha pili. Nilikuwa nayo tangu sekondari. Nilipokuwa dukani sikuikumbuka, kwa sababu nilikuwa nasoma, si nahoji.

Kuhoji spika kama nyaraka

Marc Bloch, mwanahistoria Mfaransa aliyeuawa na Wanazi mwaka 1944, aliacha kitabu juu ya kazi ya mwanahistoria kilichochapishwa mwaka 1949. Humo anatofautisha ushahidi wa makusudi na ushahidi usiokusudiwa. Mfalme anayeandika habari za ushindi wake anataka tumwamini. Lakini risiti ya nyama iliyosahauliwa jikoni mwake haitaki kitu, na kwa sababu hiyo mara nyingi inaaminika zaidi. Nilipokaa gerejini Buyenzi, alasiri tano mfululizo, nikaona mafundi wanafanya tofauti hiyohiyo bila kumtaja Bloch. Boksi ni mfalme. Spika yenyewe ni risiti.

Naeleza hatua zao kwa mpangilio wao.

Kwanza, uzito na ulinganifu. Fundi hushika spika mbili za boksi moja, moja kila mkono, macho akiyafumba. Za kweli hulingana. Za bandia mara nyingi hupishana, kwa sababu zimekusanywa kutoka mafungu mbalimbali. Kisha huvua kifuniko cha sumaku, kama kinavulika. Kifuniko kikubwa juu ya sumaku ndogo ni udongo mweupe wa Lancashire uliorudi kwa sura nyingine.

Pili, koni. Kwa vidole vinne vilivyopangwa duara, koni husukumwa polepole hadi mwisho na kuachiliwa. Inapaswa kwenda kimya. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku, na hakuna dawa ya bei nafuu. Halafu hutazamwa mpira wa pembeni. Wa raba hudumu. Wa sponji huoza kwa joto na unyevu, na Bujumbura iliyo kando ya ziwa ina vyote viwili. Ukiukandamiza kwa kucha ukabaki na alama, umekwisha.

Tatu, mita. Spika ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma kati ya 3 na chini kidogo ya 4. Ikisoma karibu na sifuri koili imeungua na kugusana. Isiposoma kitu imekatika. Asiye na mita hutumia betri ya tochi ya volti 1,5: akigusisha waya mara moja, koni huruka mbele na kurudi. Nne, pua. Koili iliyowahi kuungua hunuka, na harufu hiyo haifutwi kwa kupangusa vumbi.

Tano, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi, ni alama ambazo hakuna aliyezikusudia. Bujumbura tunaendesha kulia, lakini magari mengi yana usukani upande wa kulia kwa sababu yametumika Japani kabla ya kupitia Dar es Salaam. Yanapochinjwa kwa ajili ya vipuri, spika zake huuzwa bila boksi. Wanafunzi wengi tunazidharau kwa kuwa hazina jina usoni. Fundi huzigeuza. Nyuma ya spika ya Toyota kuna namba ya kipuri inayoanza na 86160, na mara nyingi jina la aliyeitengeneza, kama vile Fujitsu Ten. Namba hiyo haikuwekwa ili kumvutia mnunuzi wa Buyenzi. Iliwekwa kwa ajili ya mtunza stoo wa kiwandani. Kwenye matundu ya fremu kuna mikwaruzo ya skrubu. Upande mmoja wa koni umepauka kwa jua la dirishani. Vumbi limejikusanya pale ambapo mlango ungeliacha lijikusanye. Hayo yote yanasema: mimi nilikaa ndani ya gari miaka mingi na bado ninalia. Mmiliki wa Japani hatutamuona na hataandika neno, lakini ametuachia ushahidi.

Sita, sikio. Mafundi wote wawili wana wimbo wao wa kupimia. Mmoja hutumia rumba ya zamani ya Franco na TPOK Jazz, kwa sababu gitaa tatu zinapocheza pamoja spika mbaya huzichanganya zikawa moja. Mwingine hutumia ngoma zetu za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziweka katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Anasema kila Mrundi anajua ingoma inavyogonga kifuani, kwa hiyo hadanganyiki. Kanuni yao ni moja: usipime kwa wimbo anaouchagua muuzaji. Muuzaji ana wimbo wake unaoficha kasoro. Pima kwa wimbo unaoujua tangu utoto, kwanza kwa sauti ya chini, kwa kuwa kelele hufunika mengi.

Mashahidi walikwenda wapi?

Nilimuuliza mjomba kwa nini hakuwauliza madereva wenzake kabla ya kunituma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba zamani asingehitaji kuuliza. Miaka ya 1980, alipokuwa kijana wa kuita abiria kwenye Hiace, kila spika ya mtaa ilikuwa na historia inayojulikana: ya nani, imetoka Kigoma kwa boti au Uvira kwa barabara, imeshonwa mara ngapi. Kulikuwa na fundi Mkongo mpakani mwa Bwiza na Buyenzi aliyezungusha koili upya kwa mkono. Aliyeuziwa spika mbovu alikwenda kwake, naye alijua imepita kwa nani. Huyo alikuwa mtu wa sofi wa mtaa wetu: kesho yupo palepale.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Mwishoni mwa Machi 1995 mauaji na kufukuzana vilifika Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa imebaki na mchanganyiko. Maelfu ya watu walikimbia, wengi wao kuelekea Uvira, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Yule fundi aliondoka katika wiki hiyo na hakurudi. Nyumba zilibadilisha watu. Mjomba anasema kwamba aliporudi kwenye kituo chake, kati ya madereva kumi na wawili aliokuwa akiwajua aliwakuta wanne.

Mwaka uliofuata, baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Njia ya Dar es Salaam na Kigoma ikafungwa kwa bidhaa nyingi. Kwa maelezo ya mjomba, spika mpya hazikuonekana, na za zamani zilizibwa kwa karatasi, gundi na mpira wa ndani wa baiskeli. Vikwazo vilipoondolewa, na hasa baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, bidhaa zilimiminika kutoka Dar es Salaam na Dubai. Maboksi yalirudi, lakini watu waliojua kuyahukumu walikuwa wamepungua. Halafu tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na wauzaji waliokuwa na meza moja kwa miaka mingi wakatawanyika, wengine wakaenda Ruvumera na kwingineko. Mnunuzi aliyemzoea muuzaji wake akampoteza tena.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaosema kwamba bandia zimejaa Bujumbura kwa sababu watu wetu wanapenda rahisi. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, akitumia mfano wa magari yaliyotumika, alieleza kwamba muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, kizuri hukimbia sokoni kwa sababu hakuna anayekubali kukilipia bei yake. Clifford Geertz naye, aliyechunguza soko la Sefrou nchini Morocco, aliandika mwaka 1978 kwamba watu wa soko la namna hiyo hujikinga kwa kumrudia muuzaji yuleyule. Ukiweka maelezo ya hao wawili pamoja na miaka ya 1993 hadi 2013, unaona kilichotokea kwetu. Kinga ya kurudiana ilivunjwa mara tatu: kwa vita, kwa vikwazo, na kwa moto. Bandia iliingia pale kinga ilipokuwa imevunjika.

Mipaka ya hoja yangu

Mwalimu mmoja aliyesoma rasimu hii aliniuliza: kama spika yenyewe inatoa ushahidi wote huu, mashahidi wa nini? Swali lake ni zuri. Jibu langu ni kwamba vipimo vya fundi vinasema hali ya leo. Vinaweza kugundua uongo wa boksi, koili iliyoungua, mpira uliooza. Haviwezi kusema gundi ya koili itashika vipi baada ya misimu miwili ya joto la Imbo, au kama koni itavumilia mashimo ya barabara. Hilo anajua aliyeishi nayo tu. Mwanahistoria anayebaki na vitu bila watu hukabiliwa na upungufu huohuo: kigae kinamwambia chungu kilitengenezwaje, lakini si kama mpishi alikipenda.

Pia nakiri kwamba ushahidi wa watu si safi siku zote. Dereva aliyedanganywa huona aibu na kusifia alichonacho. Mimi mwenyewe, wiki ya kwanza, niliwaambia rafiki zangu kwamba spika zangu zilikuwa nzuri sana. Wawili karibu wakanunue palepale. Kwa hiyo ushahidi wa mmiliki nao uhojiwe: amekaa nacho muda gani, amelipa nani, na angepoteza nini akisema kweli?

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba mnunuzi wa ukanda wetu amekuwa akipima bidhaa za mbali kwa zaidi ya karne moja na nusu, kwa mikono yake na kwa kumtegemea mtu atakayekuwapo kesho. Nimeonyesha kwamba mafundi wa Buyenzi hutenganisha ushahidi wa makusudi na usiokusudiwa kwa umakini ambao sisi wenye vitabu tunaweza kujifunza kwao. Na nimeonyesha kwamba pale mashahidi walipokosekana, kukosekana kwao kuna tarehe.

Mwaka 2021 tulikwenda pamoja, mjomba na mimi, tukanunua spika mbili za Toyota zisizo na boksi, zenye mikwaruzo ya skrubu na upande mmoja uliopauka. Safari hii mimi nilishika mita, yeye akachagua wimbo. Bado zinalia. Pale kituoni pao Bwiza sasa kuna daftari la jalada gumu ambamo kila dereva anayenunua kipuri huandika tarehe, bei, kwa nani, na baada ya miezi sita huandika tena hali yake. Nililinunua mimi. Mstari wa kwanza kabisa ni wa spika zangu za 2019, na nimeandika bei yake yote, faranga 80.000, na siku zilizodumu.